Sifa za Vidumuvyo

Msomaji, chukua kalamu uandike kwa Kiingereza sentensi moja juu ya mto Tana, na ndani yake utie sifa moja tu ya kueleza wingi wa umri wake. Zoezi hili nimelitoa mara nyingi kwa vijana wa madarasa ya juu, na majibu yao hayakosi kufanana. Wa kwanza huandika "eternal". Wa pili huandika "everlasting". Wa tatu, ambaye ni msomaji wa magazeti, huandika "perennial". Wa nne huandika "permanent", akaridhika nafsi yake. Wote wanne wameandika herufi zilizo sahihi, na wote wanne wameyatoa maneno yao katika kamusi ileile, katika ukurasa ambao maneno hayo yamepangwa pamoja kama ndugu wa tumbo moja. Walakini ni mmoja tu kati yao aliyesema kweli juu ya mto huo, na nikimwuliza sababu, aghalabu hana.

Kosa hili si la uvivu. Ni kosa la kuamini ya kuwa neno kubwa ndilo neno bora. Kijana anaona kwamba mto ni mkuu, basi anautafutia sifa kuu, kama mtu amvikaye mgeni wake joho bila ya kumpima mabega. Leo nataka tuyapime mabega ya vitu kadha wa kadha vya nchi ile ya Garsen na delta ya Tana, tuone ni sifa zipi za Kiingereza zinazovienea, na zipi zinazoburura chini. Nimeichagua nchi ile kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine katika Kenya ambapo kudumu na kupita hukaa karibu hivyo.

Tuanze na mto wenyewe. Tana ndio mto mrefu kuliko yote katika Kenya. Huzaliwa katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako mvua ni nyingi, ukateremka na kuzunguka, ukapita Garissa, Hola na Garsen, ukaingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Sehemu kubwa ya safari yake ya chini hupita katika nchi kavu ambako mvua ni haba, na vijito vingi ni vya msimu. Vijito vile huitwa laga: leo ni mchanga mtupu, kesho mvua ikinyesha mbali ni maji ya kutisha, na kesho kutwa ni mchanga tena. Tana si laga. Wakati wa kiangazi maji yake hupungua, lakini hupita. Basi hapa ndipo "perennial" ilipo nyumbani kwake. Neno hili limetoka katika Kilatini, nalo limeungwa kwa maneno mawili, moja likiwa na maana ya kupita katikati ya kitu mpaka upande wa pili, na jingine likiwa na maana ya mwaka. Mto wa namna hii ni mto uuvukao mwaka mzima bila ya kukauka. Neno halisemi kuwa mto hauna mwisho, wala halisemi kuwa haubadiliki. Linasema jambo moja dogo lenye kupimika, kwamba ukienda mtoni na mtungi katika mwezi wowote, hutarudi nao mtupu. Kijana wa tatu alisema kweli.

Je, yule wa kwanza? Waandishi wa Kiingereza walio makini huliweka neno "eternal" kwa kile kisicho na mwanzo wala mwisho, na "everlasting" kwa kile ambacho, kiwe kilianza au hakikuanza, hakitakwisha. Wenyewe huyachanganya mara nyingi, na hapa Kiswahili kina haki ya kujivuna kidogo. Wanavyuoni wa pwani walirithi kutoka Kiarabu maneno mawili yaliyogawana kazi hii vizuri: azali ni wakati usio na mwanzo, na abadi ni wakati usio na mwisho. Mtu aliyefundishwa tofauti hiyo hawezi kuurushia mto neno "eternal" kwa urahisi, kwa maana mto una chemchemi, na mlima unaouzaa ulikuwa zamani mlima wa moto kabla haujazimika. Na juu ya mwisho wake, wahenga walikwisha sema kuwa hakuna marefu yasiyo na ncha.

Kijana wa nne ndiye aliyekosea zaidi, ingawa neno lake ndilo lililoonekana kuwa la kiasi. "Permanent" asili yake ni kukaa mahali mpaka mwisho, na jambo ambalo Tana haujui ni kukaa. Katika nchi tambarare ya delta mto hujipinda, hukata ukingo huu na kujaza ule, huacha mkondo wa zamani ukawa ziwa au bwawa la matete, na kujitafutia njia mpya. Vijiji vya Wapokomo vimelazimika kuufuata. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunga Tana na mto Ozi, na maji ya mto mkubwa yakaupenda mfereji ule, yakaupanua, hata leo Tana hutokea baharini pale ulipokuwa mlango wa Ozi. Mto ni uleule, mahali sipo. Ukitaka kuusifu kwa Kiingereza useme kuwa unadumu, basi sema haukauki. Usiseme hauondoki.

Neno hilo "permanent" lina kazi nyingine katika Kenya, nayo yafaa kutazamwa. Utasikia watu wakisema nyumba ya "permanent", wakikusudia nyumba ya mawe au matofali yenye paa la mabati, na nyumba ya "semi-permanent", iliyo nusu hivi na nusu vile. Neno la pili linachekesha ukilifikiri. Nusu ya kudumu ni miaka mingapi? Lakini tusicheke sana, maana wasemaji wanajua wanalolisema: wanataja vifaa vya kujengea, hawataji wakati. Shida huja pale mwandishi anapolichukua neno kama lilivyo na kulipeleka deltani. Yanapokuja mafuriko makubwa, kama yale ya 1961, ya 1997 na 1998, ya 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 na tena 2024, nyumba hupimwa na maji, hazipimwi na kivumishi. Nyumba ya miti na makuti huweza kusimamishwa tena mahali pa juu baada ya muda si mrefu. Nyumba ya mawe iliyopasuka msingi hubaki palepale, imesimama na haikaliki. Ipi katika hizo mbili iliyo ya kudumu? Sina jibu la haraka, na ningependa mwanafunzi aandikaye juu ya mafuriko asiwe nalo pia.

Ipo jamaa nyingine ya maneno, nayo ni ya ugumu. "Durable" na "enduring" yote mawili yametoka katika neno moja la Kilatini lenye maana ya kitu kigumu. Waroma waliona kuwa kigumu ndicho kikaacho, na Waswahili waliona vivyo hivyo bila ya kuulizana nao. Tazama neno letu sugu. Asili yake ni ile ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa, kama kiganja cha mtu apigaye kafi kila siku, kisha likaenea kwa kila kisichosikia dawa wala maneno: ugonjwa sugu, mwizi sugu, tatizo sugu. Kiingereza hapo husema "chronic", neno la Kigiriki linalotokana na wakati. Wao wameutazama ugonjwa katika kalenda, sisi tumeutazama katika mwili. Yote mawili yanakubaliana katika jambo moja, kwamba hayafai kwa kitu chema. Nilipata kusoma insha ambayo mwandishi wake alimtaja mwenzake wa utotoni kuwa ni "my chronic friend". Kamusi ilimwambia kuwa "chronic" ni ya muda mrefu, akaamini, akamfanya rafiki yake kuwa pumu.

Ama "durable" ni sifa ya mtumbwi, ya kiatu, ya mkeka uliosukwa vizuri: kitu kinachotumiwa sana na hakiharibiki. "Enduring" ni zaidi ya hapo. Ndani yake mna kudumu na mna kuvumilia, mambo ambayo Kiswahili kimeyapa vitenzi viwili mbalimbali, kwa hiyo mfasiri hana budi kuchagua au kuyaandika yote. Mwamba hauwezi kuwa "enduring" kwa maana kamili, kwa kuwa haukupata taabu. Mkulima wa Tana Chini ambaye shamba lake limezama mara tatu naye akapanda mara ya nne, huyo sifa hii inamwenea begani mpaka kifundoni.

Nayo Kiingereza kina upungufu wake. Kwa kitu kilichokaa muda mrefu wao husema "old", basi. Sisi twajua kuwa kuna kikongwe na kuna kikuukuu. Mti mkongwe hupewa heshima, shati kuukuu hupewa kijana wa kufulia magari. Mwingereza akitaka heshima ile humbidi aunge maneno mawili, aseme "time-honoured", na akitaka uchakavu aseme "worn-out". Lipo pia neno letu aushi, ambalo vijana wamelisahau isipokuwa katika ule usemi wa maisha na aushi. Ni zuri kwa "lifelong", lirudisheni.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Rudi kwenye neno "perennial", ambalo tumelisifu. Fungua magazeti ya Kiingereza ya nchi yetu, utalikuta likiwa na ajira ya kudumu: "perennial floods", "perennial drought", na juu ya watu wa Tana, "perennial clashes". Mto mmoja, na sifa moja kwa kutokauka kwake, kwa kufurika kwake, kwa ukame wa nchi inayouzunguka, na kwa watu kuuana ukingoni mwake. Sisemi kuwa wamevunja sheria ya lugha. Kamusi za siku hizi zinakubali kuwa neno hilo laweza kuwa na maana ya jambo linalorudi tena na tena. Swali langu ni jingine: msomaji anaambiwa nini?

Tazama mafuriko. Wapokomo wa Tana Chini walilima kwa mafuriko tangu zamani. Mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, kufuata mvua za masika na za vuli, ukaacha tope jeusi lenye rutuba, na mpunga na migomba ikapandwa katika unyevu ule. Mafuriko ya namna hiyo yalikuwa desturi, na yalipokosekana ndipo njaa ilipobisha hodi. Kisha yakajengwa mabwawa ya umeme huko juu, Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Mabwawa huzuia maji, na pamoja na maji huzuia tope. Mafuriko madogo yenye manufaa yakapungua. Makubwa, yanayokuja mvua inapozidi kiasi na mabwawa yakajaa, hayakukoma. Basi mambo mawili yaliyo mbali kabisa, yale maji ya kulimia na yale maji ya kubomoa, yanaingizwa katika kivumishi kimoja, na msomaji wa Nairobi hufunga gazeti akiwa na picha ya watu wanaokaa kwa ukaidi mahali ambapo mto huwazamisha kila mwaka. Kama mwandishi angeandika "recurrent", yaani yenye kurudi, angelazimika angalau kujiuliza: yamerudi lini, na kwa nini mwaka huu?

Juu ya vita hatari ni kubwa zaidi. Tangu Agosti 2012 hata Januari 2013 waliuawa watu zaidi ya 100 katika delta ya Tana, Waorma na Wapokomo, wake kwa waume, na watoto miongoni mwao. Katika kuyaeleza mambo hayo zilitumika sifa za kila namna za muda mrefu, na iliyopendwa mno ni "age-old", yaani yenye umri wa zama. Uadui wa zama! Neno hili lina sauti ya hekima, na ndiyo sababu linadanganya vizuri. Uadui ukiwa na umri wa zama, hakuna aliyeuanzisha, hakuna aliyeuchochea, hakuna wa kuulizwa. Umekuwa kama mlima.

Lakini wafugaji na wakulima wa Tana hawakuishi kwa vita zama zote. Maziwa yaliuzwa kwa nafaka, na nafaka kwa maziwa. Palikuwa na njia za mifugo kushukia mtoni, ziitwazo malka, na palikuwa na wazee wa pande mbili waliopatana juu ya nani apite wapi na wakati gani. Ugomvi ulikuwapo, nao ulikuwa na sababu zenye majina: shamba lililozibwa njia ya ng'ombe, ng'ombe walioingia shambani, ardhi ya delta iliyotengewa miradi mikubwa ya kilimo, malisho yaliyopungua, na katika mwaka ule wa 2012, uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Kila moja ya sababu hizo ina tarehe. Kwa hiyo mwandishi mwaminifu ana neno lake, nalo ni "long-standing": ugomvi uliosimama muda mrefu. Si neno tukufu. Kilichosimama kilikuwa na siku ya kuinuka, na msomaji aweza kuuliza ilikuwa siku gani. Angalia jinsi herufi chache zilivyobadili hukumu. Mwanafunzi atakayeandika "age-old" katika mtihani hatanyimwa alama, bali mimi nitamwandikia pembeni: tangu lini?

Nisije nikaonekana kuwa mtu asiyependa makubwa, nitaje sifa moja kuu ambayo nchi ile inastahili, ijapokuwa nayo yahitaji uangalifu. Ni "immortal", isiyokufa. Kule Ozi na Kipini ndiko hadithi za Fumo Liyongo zilikokita mizizi, nao Wapokomo wana hadithi zao juu yake. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliitungia habari hiyo utenzi mwaka 1913. Katika habari ile Liyongo hauawi kwa mkuki wala kwa mshale. Silaha moja tu humpata, nayo ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye anayeichoma. Hata baada ya kufa alibaki amepiga goti na upinde mkononi, na watu waliogopa kumkaribia wakakosa kuteka maji. Sasa, je, Liyongo ni "immortal"? Mwanafunzi asemaye kuwa ndiyo, kwa sababu silaha hazikumdhuru, amesoma nusu ya hadithi. Hadithi nzima ni juu ya kufa kwake. Wataalamu hawajapatana ni karne gani aliyoishi. Lililo hai ni jina, nalo liko hai kwa kuwa watu hawakuchoka kulitaja. Kiingereza humpa mtu sifa ile kwa maana hiyo tu, nayo ni ya mkopo: wasimuliaji wakinyamaza, sifa hurudishwa kwa mwenyewe.

Si mbali na Kipini yako magofu ya Ungwana, mji wa mawe wa Waswahili wa zamani, ambao James Kirkman aliuchimbua na kuutolea kitabu mwaka 1966. Kuta zimebaki na majina ya wakazi wake wengi hayajulikani. Kwa Liyongo limebaki jina, na mwili wake hakuna awezaye kuuonyesha kwa yakini. Kiingereza kina neno moja, "surviving", ambalo hufaa kwa yote mawili: kilichobaki wengine walipokwisha. Ni sifa ya huzuni, na mara nyingi huwa ya kweli kuliko "immortal".

La mwisho nililowapa vijana wangu halikuwa mto wala mtu. Ulikuwa wimbo. Mama wa Kipokomo humwimbia mtoto wake ili alale, na mojawapo ya nyimbo hizo ilichaguliwa mwaka 1963, ilipotakiwa sauti ya wimbo wa taifa la Kenya. Kamati iliyoshughulika na kazi hiyo iliutia maneno mapya ya Kiswahili na ya Kiingereza, na sauti ya bembelezi ikawa sauti ya kusimama wima. Niliwaambia: andikeni sentensi moja ya Kiingereza juu ya bembelezi hiyo, mtie sifa moja ya kudumu. Nilitazamia "eternal" nyingi, na sikukosa. Mmoja alijaribu "durable", kisha akalikata mwenyewe, kwa kuwa wimbo si kiatu. Mwingine aliandika "ancient", nikamwuliza kama anao ushahidi wa umri wake, akacheka.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma hakuandika sifa yoyote. Aliniletea sentensi yenye kitenzi tu, aliyoifikiri kwanza kwa Kiswahili kisha akaigeuza. Alisema kuwa wimbo ule ungali ukiimbwa. Nilimwambia kuwa hakutimiza sharti la zoezi. Akanijibu kwa adabu kuwa alizitafuta sifa zote za kamusi akaona kila moja inaahidi jambo asiloweza kulijua. Nilimpa alama zote isipokuwa moja, maana alikuwa amesahau nukta.